Joka la Ngosi kwa kamba na timazi: shajara ya mradi

Wiki ya 1: kidole cha mwisho

Ziwa Ngosi limekaa ndani ya kasoko ya volkano kwenye milima ya Uporoto, kusini-mashariki mwa jiji la Mbeya, ukishika njia ya Tukuyu na kushukia Isongole. Urefu wake ni kilomita 2.5 hivi, upana kilomita 1.6, na hakuna mto unaotoka humo. Linalosimuliwa ni joka lililolala chini kabisa. Likigeuza ubavu, maji hubadilika rangi. Mradi huu haulengi kulikamata. Swali letu ni dogo zaidi, na wawindaji wa majoka duniani karibu wote huliruka: kitu kikionekana juu ya maji yale, macho na vifaa vyetu vinaweza kukosea kwa kiasi gani?

Kazi ya kwanza haikuhitaji kifaa chochote. Nyosha mkono mbele mpaka mwisho, inua kidole cha mwisho. Upana wake hufunika takriban nyuzi 1. Ngumi iliyokunjwa hufunika kama nyuzi 10. Ukiwa umesimama ukingoni na kitu kiko mita 800 kutoka ulipo, nyuzi 1 ni mita 14. Yaani chatu wa mita 5, ambaye akikatiza barabara pale Uyole magari yatasimama yote, anajificha nyuma ya ukucha wako na nafasi inabaki.

Kwa hiyo mtu akisema aliona kitu kirefu kama basi, hatumbishii. Tunachojua ni kwamba pale ziwani hakuna cha kulinganishia: hakuna nyumba ufukweni, hakuna gati, na miti ya ng'ambo haina kimo unachokijua. Jicho hupima kwa kulinganisha, na likikosa cha kulinganisha hujaza lenyewe. Mwongozaji wa watalii akikuonyesha kwamba ziwa lina umbo la ramani ya Afrika, utaiona kweli, mpaka na pembe ya Somalia. Jicho lililochonga bara zima kutokana na ufukwe litashindwaje kuchonga shingo kutokana na gogo?

Hesabu ya umbali. Mahali njia inapofikia ukingo, maji yako chini kwa mita 200 hivi. Umbali wa kitu ni kimo hicho kugawanywa kwa tanjenti ya pembe ya kuinamia. Pembe ya nyuzi 11.3 inakupa mita 1,000. Ukikosea nyuzi 1 tu, ukasoma 10.3, unapata mita 1,100. Mkono mtupu unaoshika simu yenye programu ya kupimia pembe hukosea zaidi ya nyuzi 1 bila kujijua. Uamuzi: simu itafungwa kwenye stendi ya miguu mitatu, na pembe itasomwa mara tano kisha kuchukuliwa ya katikati. Si wastani, kwa sababu kusoma vibaya mara moja huvuruga wastani wote.

Wiki ya 2: kamera

Simu ya kawaida yenye picha ya pikseli 4,000 kwa upana huona pembe ya nyuzi 65 hivi. Kwa umbali wa mita 800, upana huo wote ni kama mita 1,020 za maji, na kila pikseli moja inabeba sentimita 25. Gogo la mita 2 linakuwa pikseli 8. Ukizikuza pikseli 8 kwenye kioo cha simu, programu inajaza yaliyokosekana kwa kulainisha kingo, na gogo linatoka na kichwa, shingo na macho. Nusu ya picha za majoka zinazozunguka kwenye simu za watu zimezaliwa hapo hapo.

Kamera ya mitumba yenye lenzi ya milimita 300, kihisi cha upana wa milimita 22.3 na pikseli 6,000, huona mita 59 tu za maji kwa umbali ule ule. Kila pikseli inakuwa sentimita 1. Hasara yake ni kwamba inaona kipande kidogo mno cha ziwa. Ndiyo maana tumeweka zote mbili: simu inaangalia ziwa zima na kukariri mahali, kamera inaelekezwa na mtu.

Mpangilio wa simu:

Picha moja kila sekunde 5. Saa 12 za mchana ni picha 8,640. Kwa megabaiti 4 kila moja inafika gigabaiti 34 na ushee. Kadi ya gigabaiti 64 inatosha siku moja na akiba.

Betri ya nje ya mAh 20,000 ina wati-saa 74 kwenye karatasi. Toa zinazopotea njiani, simu inayokula wati 2 itaenda zaidi ya saa 24. Baridi ya Uporoto alfajiri hupunguza tena, kwa hiyo betri inalala ndani ya soksi ya sufu, siyo juu ya jiwe.

Ulengaji wa lenzi unafungwa kwenye umbali wa mbali kabisa, na mwangaza unafungwa pia. Hili si dogo. Mwaka 1983 msafara uliokwenda Ziwa Tele, Kongo, kumtafuta mokele-mbembe ulirudi na taarifa ya kumwona lakini bila filamu ya maana. Maelezo yalikuwa kwamba kamera ilikuwa kwenye mpangilio wa kupigia vitu vya karibu. Ziwa lenyewe lina kina cha mita chache tu, na mnyama anayesimuliwa ana ukubwa wa tembo.

Nyumba ya simu ni ndoo ya rangi ya lita 4 iliyosafishwa, tundu limekatwa na kuzibwa kwa kipande cha kioo, ukingo umefungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Jaribio la kwanza liliharibika kwa sababu mbili. Kioo kilirudisha sura ya lenzi yenyewe, doa jeusi la duara likaonekana kuelea katikati ya kila picha. Dawa yake ni kitambaa cheusi kuizunguka lenzi mpaka kiguse kioo. Pili, ukungu ulijaa ndani ya ndoo. Watu huweka mchele. Mchele haufai, hunyonya polepole mno. Zile pakiti ndogo zinazokuja na viatu vipya ndizo zinazofaa, lakini zikaangwe kwanza kwenye sufuria kavu, moto mdogo, maana zilizokaa wazi sokoni Mwanjelwa zimeshashiba maji zamani.

Droni hatutumii. Kibali chake ni mlolongo mrefu kupitia mamlaka ya anga na Wizara ya Ulinzi, na upepo wa ndani ya kasoko hushuka kwa mikupuo.

Wiki ya 3: joka la madumu

Kabla ya kumtafuta asiyejulikana, tunamhitaji anayejulikana. Tumetengeneza joka: madumu matatu ya lita 20 yaliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, yamefungwa kwa kamba ya manila, mita 2 kati ya dumu na dumu. Kila dumu limejazwa lita 15 za maji ili lita 5 tu zibaki juu. Dumu tupu huelea lote, hugeuka tanga, na upepo hulipeleka mbio isiyo ya mnyama yeyote.

Jaribio la nchi kavu: joka lilitandazwa kwenye uwanja wazi, umbali wa mita 800 kwa GPS. Kwa simu, kila dumu la sentimita 40 ni chini ya pikseli 2, na yote matatu ni mstari wenye vifundo. Kwa kamera ni pikseli 40 kila moja, na kamba inaonekana. Hii ndiyo rula yetu. Picha yoyote itakayopigwa ziwani italinganishwa na hii kabla mtu hajafungua mdomo.

Wazee wa kazi hii wa Scotland walitengeneza majoka pia, ila wao hawakusema. Desemba 1933 Marmaduke Wetherell, mwindaji aliyeletwa na gazeti, alikuta nyayo kubwa kwenye ufukwe wa Loch Ness, ziwa la huko linalosimuliwa kuwa na joka. Nakala zake zilipofika kwa wataalamu wa makumbusho London zikatambuliwa: mguu wa kiboko, tena mguu mmoja ule ule uliogongwa mara nyingi, mguu mkavu uliotengenezwa pambo la nyumbani. Mtu yeyote wa Kyela angemwambia hivyo bure. Miezi michache baadaye, Aprili 1934, ikatoka ile picha ya shingo ndefu iliyopachikwa jina la daktari. Imeishi miaka 60 kabla haijafichuliwa kwamba ni manowari ya kuchezea iliyobandikwa shingo. Picha iliyochapishwa gazetini ilikuwa imekatwa kingo. Isiyokatwa inaonyesha maji mengi, na viwimbi vidogo vinavyosema wazi kuwa kile kitu ni kidogo.

Kanuni ya mradi iliyotokana na hapo: hakuna picha inayokatwa. Inahifadhiwa nzima, na faili lake la asili, na saa.

Wiki ya 4: sikio la majini

Hii ndiyo sehemu iliyokula muda, na ndiyo yenye raha.

Haidrofoni, yaani maikrofoni ya kuzamisha, tunaitengeneza kwa kisahani cha piezo cha milimita 27, kile kinachotoka kwenye kengele za mlangoni na vifaa vya kulia vilivyokufa. Mafundi redio wanavyo kwenye makopo yao. Kisahani hiki kwa umeme ni kapasita ya nanofaradi 20 hivi, na kosa la wengi linaanzia hapo. Ukikiunganisha na kikuza sauti chenye mlango wa kiloomu 10, sauti zote chini ya hezi 800 zinakatwa. Unabaki na vijisauti vya juu tu na kulalamika kwamba ziwa ni bubu. Mlango wa megaomu 1 unashusha kikomo mpaka hezi 8. Rizista moja tu, bei ya pipi.

Kikuza: IC ya TL072 (kidude cha kukuzia ishara), betri ya volti 9. Rizista mbili za kiloomu 100 zinagawa volti katikati, kapasita ya mikrofaradi 10 inatuliza hapo katikati, na megaomu 1 inapanda kutoka hapo hadi mguu wa kuingizia. Ukuzaji ni kiloomu 100 juu ya kiloomu 1, mara 101. Kapasita ya mikrofaradi 10 inakaa mfululizo na ile kiloomu 1, la sivyo volti ya katikati nayo itakuzwa na IC itakwama. Kutoka hapo kwenda kwenye simu weka kapasita nyingine ya kuzuia mkondo wa moja kwa moja, na rizista ya kiloomu 2.2 kati ya waya wa maikrofoni na ardhi. Bila hiyo rizista simu haitambui kuwa kuna maikrofoni, inaendelea kurekodi kwa yake, na utajisikiliza mwenyewe ukinong'ona.

Kuunga waya: solda kwenye ule upande mweupe wa fedha isizidi sekunde 2, pembeni, waya uwe umeshapakwa solda. Ukichelewesha, fedha inanyanyuka na kisahani ni cha kutupa. Tumetupa vitatu.

Kuziba maji: gundi ya epoksi ya mirija miwili, tabaka mbili. Haishiki vizuri kwenye ganda la waya, kwa hiyo sugua waya kwa msasa sentimita 3, kisha zungusha utepe wa tyubu ukiuvuta. Silikoni usitumie ile inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi na inakula shaba. Haidrofoni ya kwanza ilikufa hivyo, ikiwa imezibwa vizuri kabisa.

Waya ni koaksia ya antena ya televisheni, mita 15. Mlio wa hezi 50 wa umeme wa nyumbani utasikika karakanani hata ufanye nini, msituni hauko. Ila kuna mwingine. Simu ikiwa inatafuta mtandao hutoa mkoromo wa hezi 217, tititi-tititi, unaoingia kwenye kikuza moja kwa moja. Usiku, kwa spika za sikioni, ni sauti ya mnyama kabisa, mnyama mwenye hasira. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege.

Namna ya kuining'iniza: dumu la lita 5 juu, halafu mita 3 za vipande vya tyubu vilivyofungwa mfululizo, halafu mfuniko wa sufuria uliotobolewa katikati na kulala bapa, halafu mita 7 za kamba, haidrofoni, na jiwe la kilo 1 chini yake. Mpira unanyonya mruko wa mawimbi na mfuniko unakataa kupanda na kushuka. Bila hivyo viwili, kila wimbi linavuta haidrofoni, shinikizo linabadilika, na rekodi inajaa pumzi: huu… huu… huu. Pumzi hiyo ni ya dumu.

Kutofautisha mapovu na mnyama kuna fomula nyepesi. Povu likitoka huimba kwa masafa yanayolingana na ukubwa wake: gawanya 3.26 kwa nusu kipenyo cha povu kwa mita. Povu la nusu kipenyo milimita 3 hulia karibu na hezi 1,090. La milimita 10, hezi 326. Sauti ya mapovu huanza ghafla na kufifia ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Tulilijaribu kwenye pipa la lita 200, kwa mrija na pampu ya baiskeli, na programu ya kuchora sauti ikaonyesha vistari vifupi kama mvua. Yoyote atakayetuletea ngurumo za ziwani atapimwa kwanza na vistari hivi, maana eneo zima la Rungwe linatoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Inavunwa kibiashara na kupelekwa kwenye soda.

Gesi hiyo ndiyo kiumbe pekee cha ziwani tunachokiogopa. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, hukaa mabondeni asubuhi kusipo na upepo. Ziwa Nyos la Kameruni, nalo la volkano, liliua watu wapatao 1,700 usiku mmoja wa Agosti 1986 bila kuinua kichwa chochote juu ya maji. Hatulali chini ufukweni. Na mshumaa si kipimo: gesi ikifika asilimia 10 mtu anaweza kuzimia ndani ya dakika chache huku mwali bado unawaka.

Wiki ya 5: bildi na vipimajoto

Kifaa cha kutafutia samaki kwa sona kilizungumzwa na kukataliwa. Miale yake ikiwa pembe ya nyuzi 20, kwa kina cha mita 80 inafunika duara la mita 28, na chochote ndani ya duara huchorwa kana kwamba kiko katikati. Kuta za kasoko zilizosimama wima hurudisha mwangwi wa ubavuni, na kioo kinachora vitu vikubwa vinavyoning'inia majini. Chombo cha kukibebea nacho hakipo.

Badala yake tunatumia bildi, kama mabaharia wa pwani wanavyoliita timazi la kupimia kina: kipande cha nondo cha kilo 1.5 kwenye kamba isiyonyumbuka, yenye kitambaa kila mita 5, rangi moja kwa makumi na nyingine kwa matano. Nailoni isitumike, inavutika. Upepo ukikusukuma, kamba inalala pembe na kusoma kina kikubwa kuliko cha kweli. Ikilala nyuzi 20 inazidisha kwa asilimia 6.

Vipimajoto ni DS18B20 vinne, kwa kina cha mita 1, 10, 30 na 60. Vikitoka dukani vinaruhusiwa kukosea kwa nusu nyuzi, na tofauti tunayoitafuta inaweza kuwa ndogo kuliko hiyo. Vipimwe kwenye bakuli la barafu iliyopondwa na maji kidogo, vyote pamoja, na kila kimoja kiandikiwe kosa lake. Anayetaka pia kipimo cha maji yanayochemka akumbuke kwamba Mbeya mjini, mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa waya mrefu wa mita 60, rizista ya kuvuta volti juu (pull-up), yenye kiloomu 4.7, haitoshi, usomaji unarudi na takwimu ya nyuzi 85 ambayo ni alama tu kwamba kihisi kimeamka na hakijapima. Badilisha iwe 2.2.

Joto la nini? Kwa sababu ziwa lenye maji ya uvuguvugu juu na ya baridi chini hucheza ndani kwa ndani, kama mafuta juu ya maji kwenye chupa inayoinamishwa. Upepo ukisukuma tabaka la juu kisha ukaacha, tabaka hurudi, na gogo linalobebwa nalo linasafiri kinyume na upepo. Kitu kinachoogelea kukabili upepo, bila kupiga kasia, kila mtu atasema kina roho. Maelezo haya yametumika Loch Ness miaka mingi. Ziwa lote nalo husukasuka kama beseni: kwa urefu wa kilomita 2.5 na wastani wa kina tuseme mita 50, msukosuko mmoja ni dakika 4 kasoro.

Na magogo yenyewe hayakai kimya. Gogo lililozama likioza hutengeneza gesi. Likiinuka kutoka mita 80 gesi hiyo hupanuka karibu mara 11 hadi juu, gogo linachomoka kwa kasi, linatoa povu, linazama tena. Kimsingi lina tabia zote za joka isipokuwa kula.

Kuhusu kula. Loch Ness, lenye kina cha mita 230 na urefu wa kilomita 37, limekadiriwa kuwa na samaki wa tani 20 hivi, na windo la tani 10 hulisha mwindaji wa tani 1. Familia nzima ya majoka ingelazimika kugawana tani 2. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago walichota sampuli 250 hivi za maji ya huko na kusoma DNA iliyomo. Mikunga walijaa, mtambaazi hakuna hata mmoja. Ngosi ni dogo kuliko kona ya ziwa lile. Tena volkano yake imelipuka ndani ya miaka 1,000 iliyopita. Joka la kale lingekuwa supu.

Wiki ya 6: namna ya kuuliza

Mahojiano yana hatari kuliko vifaa, maana mtu mwenye adabu hukupa ulichokuja kutafuta. Mfano wa namna mbaya:

“Shikamoo mzee. Eti joka la ziwani lina urefu gani?”

“Marahaba, wanangu. Joka? Refu, refu sana.”

Hapo hakuna taarifa. Namna nzuri ni kumwomba akuonyeshe mahali aliposimama, jua lilikuwa upande gani, kitu kilielekea wapi, kilikaa muda gani, kisha anyoshe mkono na kusema kilifunikwa na kidole au na ngumi. Mchoro achore yeye, na neno joka asiwe wewe uliyelitaja. Kama ziwa ni mahali pa matambiko kwao, uliza kwanza nini hakiguswi. Na ukijibiwa swali kwa swali, “Mnalipima, mmeliomba?”, liandike nalo.

Wasioamini nao hupotoka hapa kwa kudharau. Karibu kabisa na Ngosi, mlima Rungwe, wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja mnyama aitwaye kipunji, mwenye haya, wa mitini juu. Wataalamu walidhani labda ni kiumbe wa hadithi tu. Mwaka 2003 watafiti wa Wildlife Conservation Society wakamwona. Mwaka 2005 akatangazwa, na mwaka 2006, baada ya mmoja kufa kwenye mtego wa mkulima, akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Kule Udzungwa, upande wa Iringa, kwale asiyejulikana na sayansi aligunduliwa mwaka 1991 kwa miguu iliyoonekana ndani ya sufuria ya mchuzi kambini. Sengi mwenye uso wa kijivu, panya-tembo mkubwa wa gramu 700 hivi, alinaswa na kamera ya kutegea msituni humo humo mwaka 2005.

Tofauti ya kipunji na joka haiko kwenye heshima ya msimulizi. Kipunji alisimuliwa kwa mlio wake, chakula chake na mti anaolala, na mtu angeweza kwenda kuangalia. Joka linasimuliwa kwa rangi ya maji.

Wiki ya 7: ukingoni

Kibali na ada ni za TFS, wakala wa huduma za misitu, na mwongozaji wa hapo hapo. Njia inapanda katikati ya msitu wa mianzi na migomba mwitu. Mvua ikiwa imenyesha, mteremko wa kwenda majini ni utelezi mtupu, kamba ya kushikilia ya mita 30 inahitajika na mzigo ushushwe kwanza.

Rangi ya maji ilieleweka siku hiyo hiyo. Uso wa maji ukitazamwa karibu chini yako, kwa pembe ya kuinamia ya nyuzi 30, hurudisha asilimia 6 tu ya mwanga wa anga. Unaona maji yenyewe, ya kijani iliyokolea. Ng'ambo ya mbali, kwa nyuzi 11, unarudishwa theluthi moja ya anga. Kwa hiyo nusu ya karibu ni rangi ya ziwa, na nusu ya mbali inavaa rangi ya anga. Wingu likipita, upande wa mbali unageuka kutoka buluu hadi risasi kwa dakika chache, huku wa karibu ukibaki vilevile. Mpaka kati yao hujongea, umepinda, mrefu, na una mgongo. Upepo unaoshuka ukutani kwa mikupuo nao hupiga mabaka meusi ya viwimbi yanayokimbia juu ya maji. Baka linalokwenda mita 5 kwa sekunde linavuka upana wa ziwa kwa dakika 5 na kitu. Picha za kila sekunde 5 zikichezwa haraka, mabaka haya ni chatu wengi wakifukuzana, na kila mmoja anaishia kwenye ukuta wa pili bila kupiga kona.

Ukungu ulifunika ziwa lote kuanzia mchana. Picha zote za baada ya hapo ni nyeupe, zimehifadhiwa kama zilivyo.

Haidrofoni ilirekodi: viwimbi, migongano ya jiwe (kamba ilikuwa fupi), na vistari vichache vya mapovu.

Joka la madumu lilitolewa majini na kubebwa kurudi. Kuacha madumu matatu meusi yanaelea Ngosi ni kuanzisha hadithi ambayo sisi wenyewe tungekuja kuifukuza.

Wiki ya 8: yaliyobaki

Kihisi cha mita 60 hakijasoma, waya umekatika ndani ya ganda karibu na fundo. Kitaungwa upya, na safari hii fundo litakaa kwenye kamba, siyo kwenye waya. Haidrofoni ya pili iko kwenye pipa kwa siku 7 kabla ya kuaminiwa. Safari ijayo ni kiangazi, ukungu ukipungua, na simu itawekwa sehemu mbili za ukingo ili pembe mbili zikutane na umbali usitegemee kimo.

Bildi limekaushwa na vitambaa vyake vikahesabiwa upya kwa futi ya fundi. Kitambaa cha mita 35 kilirukwa tangu mwanzo. Kinachofuata baada ya 30 kiko kwenye mita 40, nasi tulikuwa tukikiita 35. Kila kina kilichozidi mita 30 kwenye daftari kimeongezewa mita 5, kwa kalamu nyekundu, na tarehe.